Mzee Dodoso na Watu wa Chini ya Blanketi

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mhudumu wa chumba chetu cha mvuke atakabidhi ufunguo baada ya miaka thelathini na miwili na miezi minne ya kazi. Aliajiriwa akiwa mhudumu daraja la pili, na anastaafu akiwa mhudumu daraja la pili. Faili lake lilipanda ofisi ya juu mara kadhaa na kushuka kama lilivyopanda, na yeye hakuwahi kuuliza limekwama wapi. Ni ajabu kidogo, maana kwa mambo mengine yote sijaona mtu wa maswali kama yeye. Ndiyo sababu kituo kizima, wagonjwa kwa wafanyakazi, tunamwita Mzee Dodoso.

Kamati ya sherehe iliniomba kurasa mbili za kuchangamsha. Nilichaguliwa mimi kwa sababu meza yangu ya mapokezi inatazamana na mlango wake, na kwa miaka kumi na tisa nimemwona kuliko ninavyowaona wanangu. Nitachangamsha pale nitakapoweza. Lakini niseme mapema, ili asiyetaka aikunje karatasi hii akale keki: kuna jambo nimemficha mzee huyu kwa miaka kumi na moja. Linamhusu kaka yake, aliyetolewa katika chumba chetu kwa machela. Mzee akishavaa kofia yake Ijumaa na kutoka getini, najijua, sitalisema tena. Kwa hiyo nitalisema humu, kabla hajaondoka.

Tuanze na kazi.

Alianzia uwanja wa nyuma, akikata majani ya mkaratusi na kuyaanika kwenye magunia, akifunga mchaichai mafungu mafungu na kuponda tangawizi. Mhudumu wa mvuke wa wakati huo alipohama, mzee aliambiwa amshikie nafasi kwa wiki mbili. Hakuna aliyekumbuka kumrudisha uwanjani. Yeye mwenyewe husema kwamba bado anasubiri barua.

Chumba alichokabidhiwa ni kilekile mnachokijua: hatua sita kwa nne, dirisha moja la juu, jiko la gesi pembeni, viti vitatu vya mbao vilivyotengwa kwa mapazia, na rangi ya ukutani ambayo mvuke huibandua kila mwaka na kila mwaka hupakwa upya na kubanduka upya. Mgonjwa mwenye mafua yasiyokwisha au kifua kilichobana huketi, huwekewa mbele yake sufuria ya majani yanayochemka, kisha hufunikwa yeye na sufuria kwa blanketi moja zito. Siku zake za mwanzo, mtoto mmoja aliisukuma sufuria kwa goti na kidogo aungue. Jioni ileile mzee aliokota mbao za kreti akagonga fremu ya kuikalisha sufuria isiweze kupinduka. Tangu hapo hakuna aliyeungua. Kituo kilimpa cheti, na cheti chenyewe kikakosewa tarehe.

Lakini sifa yake haikutokana na fremu. Ilitokana na kigoda alichokiweka kando ya pazia. Wenzake wa vituo vingine humfunika mtu kisha hutoka nje kupiga soga. Mzee Dodoso hukaa hapohapo, sikio karibu na blanketi, na huanza kuuliza. Ulikula nini jana? Nani alipika? Chumvi ilitosha? Hivi viatu ulinunua au ulipewa? Jirani yako ana mbwa? Anaitwa nani, huyo mbwa? Mtu yuko gizani, jasho linamtiririka, makamasi yanamtoka, na bado anatakiwa aeleze mbwa wa jirani anaitwa nani.

Malalamiko yalikuja kwangu, maana ya mapokezi ndiyo hayo. Mkuu mmoja wa shule aliandika barua ya kurasa tatu kwamba ameulizwa alichapwa viboko vingapi alipokuwa mwanafunzi, na kwamba, kwa sababu ya hali aliyokuwamo, alijikuta ametaja idadi kamili. Kuna binti aliyekuja kujifukiza siku nne kabla ya harusi yake. Mzee alimuuliza, kama anavyomuuliza kila mtu jambo lolote, kama kweli yeye binti anamtaka huyo bwana harusi. Binti akajibu kutoka chini ya blanketi kwamba hapana, hamtaki. Harusi haikufungwa. Mama yake alikuja kwenye meza yangu kudai aonyeshwe tunatia majani gani humo ndani.

Nami kwa miaka minane ya kwanza niliamini kwamba mzee ni mmbea tu. Nilimpenda, lakini niliamini hivyo. Sikujua kwamba majibu yenyewe hakuyajali. Alichokuwa akisikiliza ni pumzi. Mtu mwenye kifua kizima hukutajia alichokula, aliyekipika na lawama juu yake, bila kutua. Aliyebanwa kidogo hutua katikati. Aliyebanwa sana husema maneno mawili, akavuta hewa, akasema mengine mawili. Huyo wa mwisho mzee hakumwacha chini ya blanketi hata dakika. Alimfunua, akamfuta uso, akamshika mkono na kumvusha uzio hadi kwa daktari wa kifua wa zahanati ya jirani.

Maana hakuwa na ushabiki na majani yake. Aliyajua na kuyapenda. Mkaratusi wa uwanja wa nyuma ameupogoa kwa mkono wake tangu ukiwa mche. Ila kila mgonjwa alimwambia jambo lilelile: majani yanalegeza kohozi na yanafungua pua, yanakupa nafasi ya kupumua na kulala, basi. Msimamizi mmoja aliyepita alitengeneza bango zuri la kutangaza kwamba tunaponya pumu na homa ya mapafu. Mzee aliagizwa alitundike. Bango hilo mpaka leo limeegemezwa nyuma ya pipa la maji, uso ukutani, na msimamizi alihama bila kuelewa kwa nini misumari ilikuwa haipatikani.

Daktari wa jirani mwanzoni alitudharau, tuseme ukweli. Alituita watu wa kuchemsha miti. Baada ya miaka michache ya kuletewa wagonjwa mapema, alianza kuturudishia vikaratasi vyenye neno moja: asante. Kwa daftari langu, aliowavusha uzio kwa mkono wake ni mia mbili na kumi na wanne. Wengi wao wanaishi, na baadhi wataketi nasi Ijumaa.

Sasa yale mengine.

Mzee Dodoso alikuwa na kaka mmoja, mkubwa wake kwa miaka sita, fundi cherehani mwenye kibanda barabara ya nyuma ya kituo. Walikuwa ndugu wa kushibana. Saa saba mchana mzee alikwenda kula kwa kaka yake, na kaka yake alimtania mbele ya wateja kwamba ananuka kama sanduku la dawa. Mama yao alipougua kifua uzeeni, alikaa kwa mdogo. Hospitali walikuwa wameshamrudisha nyumbani, kwa umri na kwa ugonjwa, na mzee alimfukiza asubuhi na jioni ili angalau apumue bila taabu. Mama akafariki. Siku ya maziko, mbele ya watu, kaka mtu akasema kwa uchungu kwamba mama ameuawa kwa majani. Sote tulisikia. Mzee hakumjibu. Hakumjibu siku hiyo, wala mwezi huo, wala kwa miaka minne iliyofuata. Walipishana barabarani kama watu wasiojuana. Saa saba mchana mzee akawa anakula peke yake, amekaa juu ya gunia la mkaratusi.

Ilikuwa Jumatatu ya msimu wa baridi, benchi limejaa, watoto wanakohoa. Kaka yake akaingia. Alikuwa amevaa koti zito alilojishonea mwenyewe na alipanda ngazi zetu mbili kwa kupumzika kwenye ya kwanza. Nilimwona akipumzika. Alikuja akaegemea meza yangu kwa viwiko, nami nikamwandikisha. Nitarudi kwenye meza hiyo.

Nilifurahi mno. Niliondoka kitini nikaenda kuwanong'oneza mkata majani na mama wa usafi kwamba kaka mtu amekuja. Tukakubaliana watatu sisi, bila kumshirikisha mtu mwenye akili, kwamba ndugu hawa waachwe peke yao wapatane. Tukawarudisha benchini wagonjwa wawili waliokuwa wanafuata. Mlango wa chumba cha mvuke huwa wazi muda wote. Siku hiyo niliufunga mimi, kwa mkono wangu, taratibu usilie.

Yaliyotokea ndani ameyasimulia mzee mwenyewe. Alimwona kaka yake, akamwonyesha kiti kwa kidole. Akaleta sufuria, akaikalisha kwenye fremu, akamfunika. Akaketi kwenye kigoda chake. Na hakuuliza kitu. Alijiambia kwamba aliyetukana ni mkubwa, basi mkubwa ndiye aanze. Chini ya blanketi mkubwa naye hakusema kitu. Sisi watatu tulisimama nje ya mlango, tukasikia kimya, na tukadhani ni kimya kizuri. Mama wa usafi hata alifuta machozi.

Robo saa ilipotimia, mzee alifunua blanketi. Kaka yake alikuwa ameegemea pembeni, midomo imebadilika rangi, macho wazi, anavuta hewa isiyofika. Walimvusha uzio kwa machela, mzee akikimbia kando yake. Ilikuwa homa ya mapafu ya pande zote mbili. Alifariki siku ya pili yake kabla ya adhuhuri bila kusema tena. Daktari alituambia kwamba mgonjwa alikuwa amechelewa kwa siku tatu. Mzee alimuuliza juu ya ile robo saa. Daktari akasema hajui, na hakujua kweli.

Siku ya nane mzee alirudi kazini. Hakuomba likizo, hakuomba kuhamishwa. Alichukua boksi la sabuni akalikata, akaandika kwa herufi kubwa kile kinachoitwa leo Kanuni ya Maneno Matano: kila anayeingia aulizwe swali, popote anapokutana na mfanyakazi wa kwanza, na asiyeweza kusema maneno matano kwa pumzi moja asifunikwe, avushwe. Alitufundisha wote, mkata majani, mlinzi, hata mhasibu. Mimi alinifundisha kwa siku tatu, kwa uvumilivu mkubwa. Kanuni hiyo imechukuliwa na vituo vingine sita, na ripoti zetu za mwaka huitaja kama mafanikio ya uongozi.

Na kila mfanyakazi mpya, siku ya kwanza, mzee alimkalisha kwenye kile kiti na kumsimulia habari ya kaka yake, bila kujipunguzia kitu. Alimaliza kwa maneno yaleyale. Alisema kwamba kaka yake alikuja kwa sababu alizidiwa na kituo kilikuwa karibu. "Alikuja kwa majani," alisema, "hakuja kwangu." Nimeyasikia maneno hayo kwa miaka kumi na moja kupitia mlango ulio wazi, nikigonga mihuri, na sikuinua kichwa.

Kwa sababu si kweli. Nilipomuuliza kaka yake siku ile ni huduma gani aliyoifuata, aliegemea meza na kusema: "Niandike kwa mdogo wangu. Leo nataka aniulize."

Hivyo tu. Aliujua mtindo wa mdogo wake. Aliutania miaka yote kibandani. Alikuja akae chini ya blanketi, aulizwe upuuzi wa mbwa na viatu kama mgonjwa yeyote, ajibu, na katika kujibu yaishe. Ndivyo nilivyoelewa mimi, na ndiyo maana nilifurahi. Nikaona ujumbe huo si wa kupelekwa na karani, wataambiana wenyewe. Nikafunga mlango. Mmoja akakaa gizani akisubiri kuulizwa, na mwingine akakaa nje ya blanketi akisubiri mkubwa aanze, na mtu pekee ambaye angeweza kumwambia mdogo alikuwa mimi, nje, nikitabasamu.

Baada ya maziko nilitaka kumwambia. Nikaona nitamwongezea. Mwaka wa pili nikaona kidonda kimeanza kukauka. Mwaka wa tano nikaanza kuogopa kuulizwa kwa nini nilinyamaza miaka mitano. Kuna woga unaojifanya huruma, na mimi niliuvaa kama sare ya kazi. Nimeona haya juu ya jambo hili karibu kila siku, na haya hizo hazikumsaidia mzee hata kidogo.

Kamati ilisoma ukurasa huu na kuniomba niuondoe, niweke badala yake habari za timu ya kandanda ya wafanyakazi. Nilikataa. Lakini pia niliona si haki mzee ayasikie haya kwa mara ya kwanza mbele ya watu na soda mkononi. Jumanne, kabla karatasi haijakwenda kupigwa chapa, nilimpelekea.

Nilimkuta uwanjani akianika mablanketi. Alifuta mikono, akavaa miwani, akasoma amesimama. Alisoma polepole, na pale kwenye maneno ya kaka yake alirudi juu akasoma tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, yake au yangu. Yeye aliniuliza swali.

"Alisema hivyo kwa pumzi moja?"

Nilijua jibu. Nililijua tangu zile siku tatu alizonifundisha kuhesabu, miaka kumi na moja iliyopita, na pengine hilo ndilo hasa lililonifunga mdomo. Nikamwambia hapana. Alipumzika baada ya kusema niandike. Akapumzika tena baada ya kusema leo.

Mzee alihesabu kwa vidole. Maneno saba, pumzi tatu. Akasema kama siku ile ningempigia kelele, angemvusha kaka yake papo hapo bila kumfunika. Alisema bila kupandisha sauti. Nikasema najua. Hakuniambia kwamba si kosa langu, na ninamheshimu kwa hilo, kwa sababu kwa wagonjwa pia hakuwahi kusema uongo wa kumpa mtu raha.

Kisha akaketi juu ya ukingo wa karo la kufulia, akavua miwani, na akalia. Mablanketi yaliyobaki niliyaanika mimi. Nilipomaliza nikamuuliza kama niuondoe ukurasa huu. Akanirudishia karatasi.

"Uache," akasema. "Ila palipoandikwa alikuja kwa majani, andika wazi kwamba alikuja kwangu."

Basi naandika wazi, na kila mfanyakazi mpya atakayekalishwa kwenye kile kiti baada ya leo aambiwe hivi: fundi cherehani wa barabara ya nyuma, siku ile ya baridi, alikuja kwa mdogo wake.

Mzee wetu, kituo kinakushukuru kwa mia mbili na kumi na wanne, na kwa maelfu wengine uliowarudisha nyumbani pua zimefunguka. Mimi nakushukuru kwa kuyasoma haya hadi mwisho. Nenda ukapumzike na mkeo na wajukuu. Tunakuombea uzee wenye afya, kifua chepesi, na meza ya mchana yenye watu wa kukutania. Waulize chochote unachotaka, na wakikujibu, safari hii usihesabu.